Kabla ya Kupima Mionzi Siaya, Tupime Kelele

Mwaka 2025 mjadala wa mtambo wa nyuklia ulihama kutoka ufuo wa bahari ukaja ufuo wa ziwa. Baada ya wakazi wa Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, kuupinga mpango huo kwa maandamano mwaka 2024, macho ya wahusika yalielekezwa kaunti ya Siaya, na mikutano ya kuwahamasisha wananchi ikaanza kufanyika katika sehemu za Bondo na Rarieda. Tangu hapo wenye kusema wamesema mengi. Wapo wanaouona mtambo huo kuwa mlango wa viwanda na ajira. Wapo pia wanaoliona ziwa likichafuka na samaki wakikosa wanunuzi. Makala haya hayakusudii kuamua baina ya pande hizo mbili. Yanakusudia kuuliza swali dogo zaidi, ambalo lisipojibiwa mapema hakuna upande wowote utakaoweza kuthibitisha lolote: siku chombo cha kupimia mionzi kitakapotoa nambari, tutajuaje kwamba nambari hiyo imetoka ziwani na wala haikutoka ndani ya chombo chenyewe?

Mwandishi ni mwalimu wa isimu, na hadai ujuzi wa mafundi wa elektroniki. Lakini jambo hili ni la lugha kama lilivyo la umeme. Chombo cha kupimia mionzi hutoa hesabu moja tu, ilhali ndani ya hesabu hiyo mna vitu vitatu vilivyochanganyika. Kipo kile kinachozalishwa na chombo na umeme wake. Kipo kile kinachotoka katika ardhi, anga na hata miili yetu tangu kale na kale. Kipo pia kile kinachotafutwa, yaani nyongeza iliyoletwa na mtambo. Cha kwanza ni kelele, cha pili ni mionzi ya asili, na cha tatu ndicho ishara. Asiyekuwa na majina matatu kwa vitu hivi vitatu atadanganyika kwa urahisi, ama na mtu wa kumtia hofu ama na mtu wa kumtuliza.

Tuanze na chombo chenyewe, ambacho hapa tutakiita kigunduzi. Kigunduzi hakioni mionzi kama jicho lionavyo mwanga. Chembe moja ya mionzi ikipenya ndani yake huacha chaji ndogo mno ya umeme, na kazi yote inayofuata ni ya kuikuza chaji hiyo mpaka iweze kuhesabiwa. Katika mrija wa Geiger, ambao asili yake ni kazi ya Hans Geiger na Ernest Rutherford mjini Manchester mwaka 1908, na ambao Geiger aliuboresha pamoja na Walther Müller mwaka 1928, chaji hiyo hutokea katika gesi na kuzidishwa kwa nguvu ya volteji ya mamia kadhaa. Katika kigunduzi cha fuwele, chembe husababisha kimuli kidogo cha nuru. Mrija maalumu huigeuza nuru hiyo kuwa elektroni, kisha huzizidisha elektroni hizo hatua kwa hatua, mara maelfu kwa maelfu. Mbele ya hapo pana kikuza ishara, na mbele ya kikuza pana kizingiti. Mpigo wa umeme unaovuka kizingiti huhesabiwa, usiovuka hupuuzwa.

Sasa, kelele ni nini? Ndani ya kila waya elektroni hutikisika kwa sababu ya joto. J. B. Johnson wa maabara ya Bell nchini Marekani aliupima mtikisiko huo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1928, naye mwenzake Harry Nyquist akaueleza kwa hesabu. Mtikisiko huo hauna mkosaji, wala hauondoki maadamu kuna joto. Isitoshe, kuna kelele zinazoingia kutoka nje: mawimbi ya redio, cheche za mashine ya kuchomelea vyuma, mota ya kinu cha kusagia mahindi, na hasa umeme wenyewe unaokiendesha chombo. Umeme wa nyumbani hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Unapogeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, kama chombo kinavyouhitaji, hubakiza viwimbi 100 kwa sekunde endapo haukuchujwa vyema. Chaja za kisasa, ambazo huwasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, huongeza kelele yao juu ya hiyo.

Katika mrija wa Geiger mpigo huwa mkubwa, kwa hiyo kelele hizi haziusumbui sana. Lakini katika vigunduzi vya fuwele na vya semikondakta, ambavyo ndivyo vinavyoweza kusema mionzi imetoka katika kitu gani, mpigo wa kweli waweza kuwa mdogo kama kelele yenyewe. Hapo ndipo kizingiti huwa na maana. Kizingiti cha mlango kikiwa cha chini mno, maji ya mvua huingia pamoja na mgeni. Kikiwa cha juu mno, mgeni mwenyewe hujikwaa akarudi. Fundi hana budi kukiweka mahali ambapo kelele nyingi zimezuiwa na ishara nyingi zimepita, na mahali hapo hapajulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kupima kelele kwanza, bila ya chanzo chochote cha mionzi mbele ya chombo.

Pili, mionzi ya asili. Binadamu hajapata kuishi bila ya mionzi. Victor Hess alipopanda angani kwa puto mwaka 1912 aligundua kwamba mionzi huzidi kadiri mtu anavyopanda juu, na hivyo ikajulikana kwamba mingine hutoka nje ya dunia yetu. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hupokea mionzi ya anga zaidi kidogo kuliko Mombasa. Ardhi nayo ina uraniamu, thoriamu na potasiamu. Kwa wastani wa dunia nzima, mtu mmoja hupokea takribani milisivati 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili peke yake.

Upande wetu wa ziwa una habari yake ya pekee katika jambo hili. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, katika kaunti ya Homa Bay, Mlima Homa na vilima vya Ruri vina miamba ya kabonatiti, jamii ya miamba ya volkeno ambayo aghalabu hubeba thoriamu nyingi kuliko udongo wa kawaida. Watafiti wa Kenya wamepima na kuchapisha kwamba baadhi ya sehemu za huko, kama vile Lambwe Mashariki, zina mionzi ya asili iliyo juu ya wastani wa dunia. Watu wamelima na kufuga huko vizazi kwa vizazi, kabla hata ya neno nyuklia kutamkwa nchini. Je, mtu akienda huko na kigunduzi baada ya mtambo kujengwa Siaya, akaona hesabu kubwa, atasema nini? Bila ya kipimo cha awali atasema lolote analolitaka. Akiwa adui wa mtambo atasema umevuja. Na siku ukivuja kweli, mwenye mtambo atasema hiyo ni miamba yenu tu. Wote wawili hawatakuwa na ushahidi, na mwananchi atabaki katikati kama nyasi chini ya fahali wawili.

Ni hapa ambapo volteji huingia katika siasa, ingawa haijaalikwa. Katika mrija wa kukuza nuru wenye hatua 10, ukuzaji hubadilika takribani kwa kipeo cha 7 cha volteji. Maana yake ni kwamba volteji ikipanda kwa asilimia 1 tu, ukuzaji hupanda kwa asilimia 7 hivi. Na tazama matokeo yake. Bismathi-214, ambayo ni mmoja wa wazao wa uraniamu ya asili na hupatikana katika udongo wa mahali popote, hutoa mionzi ya gama yenye nishati ya 609 kwa kipimo cha kiloelektroni-volti. Sesiamu-137, ambayo huzalishwa katika mitambo na mabomu ya nyuklia, hutoa mionzi yenye nishati ya 662. Tofauti yake ni kama asilimia 9. Basi volteji ikipotoka kwa asilimia 1 na robo, na pasiwepo mtu wa kuangalia, kilele cha mionzi ya udongo wa babu zetu chaweza kusimama palepale panapotazamiwa kilele cha sesiamu ya mtambo. Ikipotoka kwa upande wa pili, sesiamu yaweza kujificha katika mahali pa bismathi. Kosa ni moja, lakini laweza kuzusha hofu isiyo na sababu, na laweza pia kufunika hatari iliyopo.

Kwa bahati njema, dawa ya ugonjwa huu inajulikana. Chombo kizuri kina kidhibiti volteji, yaani sehemu inayolinganisha volteji inayotoka na volteji nyingine isiyoyumba, na kurekebisha tofauti papo kwa papo. Tena, mafundi makini hutazama mara kwa mara kilele cha potasiamu-40, kilicho kwenye nishati ya 1,461, kuona kama bado kiko mahali pake. Kikihama, hujua kwamba chombo kimehama na wala si dunia. Lakini kidhibiti nacho kina mipaka yake, na mwanafunzi wa elektroniki anaweza kuihakikisha mipaka hiyo kwa hesabu ndogo.

Kidhibiti cha kawaida cha volti 5 kinachotumiwa katika maabara za kufundishia huhitaji kupewa takribani volti 7 ili kifanye kazi yake. Tuseme kimepewa volti 9 kutokana na umeme wa ukutani wa volti 240. Umeme huo ukishuka hadi volti 180, zile volti 9 nazo zitashuka kwa uwiano huohuo hadi 6.75. Hapo kidhibiti kimeshindwa. Hakizimiki, wala hakipigi kengele. Huendelea kutoa volteji iliyopungua, na vile viwimbi 100 kwa sekunde ambavyo kilikuwa kikivizuia sasa hupenya na kuingia katika kikuza ishara. Taa ya chombo bado inawaka, nambari bado zinatoka, na mtu asiyejua huziandika daftarini.

Je, umeme wa ukutani hushuka hivyo kwetu? Wakazi wa ufuoni hawahitaji kuambiwa. Kwa miaka mingi magharibi ya Kenya imekuwa kwenye ncha ya nyaya ndefu, mbali na vituo vikubwa vya kuzalisha umeme, na sheria ya waya mrefu ni kwamba volteji hupungua kadiri mzigo unavyoongezeka. Sehemu ya haja yetu imetimizwa kwa umeme wa Uganda, ambao uliuzwa Kenya tangu zama za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kituo cha Sondu-Miriu chenye megawati 60, kilichoanza kazi katika muongo wa kwanza wa karne hii, kilisaidia. Hata hivyo, gridi ya taifa imeanguka zaidi ya mara moja: Juni 7, 2016, nchi nzima ilikosa umeme baada ya tumbili kuangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Agosti 25, 2023, giza lilitanda tena karibu nchi nzima. Na kabla ya giza lenyewe kuna lile zito la kila siku: kinu cha kusaga kikianza kazi, balbu za jirani hufifia, wachomeleaji wa jua kali wakianza kazi, redio hukoroma. Kigunduzi kitakachowekwa katika zahanati au shule ya ufuoni kitaishi katika umeme huohuo.

Wenzetu walioendelea katika ufundi huu hawakuachia jambo hili bahati. Katika kituo cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kigunduzi cha ATLAS kilianza kazi kikiwa na sehemu ya ndani yenye vitone vya kutambua chembe vipatavyo milioni 80, kila kimoja na kizingiti chake. Kabla ya kutafuta chembe yoyote, huingizwa katika kila kitone chaji ya kiasi kinachojulikana, huhesabiwa imetambuliwa mara ngapi, na kwa njia hiyo kelele ya kila kitone hupimwa. Vitone vyenye kelele kupita kiasi huzimwa, na kuzimwa kwake huandikwa. Lau kazi hiyo isingalifanywa, ni nani angaliuamini ugunduzi wa chembe ya Higgs uliotangazwa Julai 4, 2012?

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Asubuhi ya Aprili 28, 1986, kigunduzi katika kituo cha nyuklia cha Forsmark nchini Uswidi kilipiga kengele mfanyakazi mmoja alipopita. Mionzi ilikuwa katika viatu vyake. Wahandisi walidhani kituo chao kimevuja, wakakichunguza, wakakuta hakina ila. Mionzi ilikuwa imeletwa na upepo na mvua kutoka Chernobyl, umbali wa kilomita 1,100 hivi, ambako mtambo ulikuwa umelipuka Aprili 26 na serikali ya Usovieti ilikuwa bado haijauambia ulimwengu. Wahandisi wale wangaliweza kusema kwamba ni kelele tu, wakairudisha kengele mahali pake. Hawakusema hivyo, kwa sababu walikuwa wakijua kelele ya vyombo vyao ni kiasi gani na mionzi ya kawaida ya mahali pao ni kiasi gani. Ujuzi huo wa mambo ya kila siku, yasiyo na msisimko wowote, ndio uliowawezesha kuutambua msiba siku ulipowafikia.

Turudi sasa katika lugha. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 10 inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ukiziweka ibara hizo mbili pamoja, inafuata kwamba mwananchi ashirikishwe kwa lugha anayoweza kuulizia maswali, wala si kwa ile anayoweza kuitikia kwa kichwa tu. Mtu asiyekuwa na neno hawezi kuuliza swali. Mkutanoni ataambiwa kwamba vipimo ni salama, naye atauliza kama kweli ni salama, ataambiwa ni salama kweli, na mkutano utafungwa kwa sala.

Baadhi ya walimu hulikataa neno kelele katika maana hii. Husema kelele ni ya masikio, na kwamba mwanafunzi akiambiwa waya una kelele ataweka sikio wayani. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Lugha yetu imezoea kunyosha maneno. Mkondo ulikuwa wa mto kabla ya kuwa wa umeme. Kizingiti kilikuwa cha mlango. Hata stima, ambayo kwa Mkenya leo ndiyo umeme wenyewe, ilikuwa kwanza meli ya mvuke, na wakazi wa Kisumu ni miongoni mwa watu wa bara walioziona meli hizo mapema, mwanzoni mwa karne ya 20, reli ilipofika ziwani. Hakuna aliyepotea kwa sababu ya maneno hayo. Kelele nayo itanyoshwa, na itafaa, kwa sababu inabeba maana tunayoihitaji: kitu kilichopo, kinachofunika usemi, na kisichokuwa usemi.

Lililo la hatari ni kulitumia neno moja kwa vitu viwili. Mtu akiita mionzi ya asili kelele, amewaambia watu wa Ruri kwamba mionzi yao si kitu, hali ni mionzi kamili inayopita mwilini. Akiita kelele ya chombo mionzi, amewatisha kwa kitu kisichokuwapo. Na akiita kelele kosa, amefungua mlango wa visingizio, kwa kuwa kosa lina mtu wa kulaumiwa na laweza kukanushwa, ilhali kelele ina kiasi na hupimwa. Kwa hiyo tuseme kelele kwa kile cha chombo, mionzi ya asili kwa kile cha dunia, ishara kwa kile tunachokitafuta, na kosa kwa kile alichokifanya mtu. Kazi ya istilahi si ngeni katika Afrika Mashariki: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Upungufu wetu ni kuyaacha maneno kabatini.

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya ni mazito, yaachiwe wataalamu na Kiingereza chao. Jibu ni kwamba mada ya unururifu, pamoja na mrija wa Geiger na mionzi ya asili, imekuwa katika silabasi ya fizikia ya kidato cha nne kwa miaka mingi. Kijana wa Bondo amekuwa akiijibia maswali katika mtihani. Kama aliweza kuijibia mtihani, aweza pia kumweleza nyanya yake kwa Kiswahili au kwa Kijaluo. Wengine watahofu kwamba wananchi wakifundishwa habari za kelele, wakubwa watapata pa kujifichia na kila hesabu mbaya itaitwa kelele. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kelele iliyopimwa mapema, ikaandikwa na kutangazwa, haiwezi kutumiwa kuwa kisingizio, kwa maana kila mtu anajua kiasi chake. Kisingizio ni ile isiyopimwa.

Walimu hawahitaji kungoja serikali ndipo waanze. Redio ndogo yatosha. Iwekwe kwenye mawimbi ya kati, mahali pasipo na kituo chochote, ikitumia betri. Wanafunzi wasikilize mkwaruzo wake. Kisha iunganishwe na umeme wa ukutani, halafu isogezwe karibu na chaja ya simu, halafu karibu na mota inayozunguka. Kila mara waandike kilichobadilika. Hiyo ndiyo jaribio la kelele kwa jina na kwa kitendo: kuondoa ishara, kubadili kitu kimoja, na kuandika. Shule yenye mrija wa Geiger na ihesabu dakika 10 bila ya chanzo chochote, irudie siku nyingine, na wanafunzi wajionee kwamba hesabu mbili aghalabu hazilingani. Wafundishwe na kanuni yake: hesabu ya 100 huyumba kwa kiasi cha 10, na hesabu ya 10,000 huyumba kwa 100, ambayo ni asilimia 1 tu. Aliyeijua kanuni hiyo hatishwi na tofauti ndogo, wala hatulizwi na kipimo cha sekunde chache.

Kwa upande wa wenye mamlaka, wananchi wa Siaya na majirani zao wana haki ya kudai mambo manne. Kwanza, kipimo cha awali cha mionzi katika udongo, maji na samaki wa pande zote mbili za ghuba kifanywe kabla jiwe la msingi halijawekwa, tena katika masika na katika kiangazi, na kisifanywe na mwenye mtambo peke yake. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko papo hapo Bondo, na Chuo Kikuu cha Maseno hakiko mbali. Vipewe vyombo na kazi. Pili, kila tangazo la kipimo liandamane na jaribio la kelele la chombo kilichotumika na kumbukumbu ya volteji ya saa zile. Tatu, taarifa hizo zitolewe kwa Kiswahili na Kijaluo, kwa istilahi zilezile kila mara. Nne, shule za sekondari za ufuoni zipewe vigunduzi vyao, pamoja na betri na vidhibiti vya kuvilinda, ili vijana waweze kulinganisha hesabu zao na za serikali.

Madai haya hayamzuii mtu kuutaka mtambo wala kuukataa. Anayeutaka atayahitaji siku atakaposingiziwa, na anayeukataa atayahitaji siku atakapopuuzwa. Kipimo cha awali kina sifa moja mbaya: hakifanyiki baadaye. Mtambo ukiisha kuwashwa, hakuna fedha wala utaalamu utakaoweza kuturudishia ziwa la jana tulipime. Basi walimu wa fizikia na walimu wa Kiswahili wa ufuoni, ambao kwa desturi hukutana katika chumba cha walimu wakati wa chai tu, wakae meza moja sasa, ziwa likiwa bado halijaongezewa kitu na mtambo wowote.